Najitibu kwa taa kwa siri mume wangu akiwa safarini

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msusi hapa mjini Nakuru, nina umri wa miaka 33 na mtoto mmoja wa miaka mitano. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu kati ya Mombasa na Malaba, kwa hivyo tunamwona siku chache tu kila mwezi. Ninakuandikia kwa sababu kuna jambo ninalolifanya usiku akiwa safarini, na sasa limeanza kunikosesha usingizi.

Tangu nikiwa kidato cha tatu nina ugonjwa wa ngozi ambao madaktari wanauita soriasisi. Mabaka yako kwenye viwiko, magoti, miundi, kiunoni kwa nyuma na ndani ya nywele. Kwenye ngozi yangu nyeusi hayawi mekundu kama yale niliyowahi kuonyeshwa pichani. Yana rangi ya zambarau iliyofifia, na juu yake pana magamba meupe yanayopukutika kama majivu. Kila asubuhi ninakung'uta shuka dirishani kabla mtoto hajaamka. Januari, wateja wakiwa wameishiwa pesa, mimi huenda kwa mama yangu Bungoma wiki tatu kumsaidia shambani, nami hurudi na nafuu inayonifikisha Machi au Aprili. Lakini kipupwe kikiingia mwezi wa Juni ngozi hupasuka, na ifikapo Julai nikikunja kiwiko kumsuka mtu, hutoka damu kidogo inayogandia ndani ya sweta.

Sweta hiyo, Shangazi, ninaivaa saluni mwaka mzima. Mwaka jana nilikuwa nimemfumua mteja nusu ya kichwa, nikanyoosha mkono kuchukua kichana rafuni, mkono wa sweta ukapanda, akakiona kiwiko. Aliinuka akasema amekumbuka ana mkutano, akajifunga kitambaa na kuondoka, nusu ya rasta zikiwa bado hazijafumuliwa. Nilijua atakwenda kusema nini. Nimepimwa virusi vya Ukimwi mara mbili na sina, lakini majibu ya hospitali hayabandikwi kwenye kioo cha saluni.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikinunua tyubu kwenye duka la dawa bila kuandikiwa na daktari. Ilituliza mabaka kwa wiki mbili tatu, kisha yakarudi kwa hasira, na mahali nilipoipaka sana ngozi imebaki nyembamba, ina michirizi. Mwaka huu nilimwona daktari wa ngozi, akasema kwa jinsi mabaka yalivyoenea angependa nianze vidonge vya methotreksati. Aliniuliza kama nina mpango wa kushika mimba hivi karibuni, nikajibu hapana. Ukweli ni kwamba mimi na mume wangu tumekubaliana kutafuta mtoto wa pili mwaka huu. Nilijibu vile kwa sababu nilikuwa nimevua nguo, na kando yake alisimama kijana mwanafunzi akiandika kila kitu kwenye daftari. Nilitaka tu yaishe nivae. Karatasi ya dawa niliikunja nikaiweka ndani ya Biblia, na mpaka leo imo.

Dada yangu mkubwa anafanya kazi ya kutunza wazee mjini Aberdeen, Scotland, naye ana ugonjwa huu huu. Huko hospitali ilimtibu kwa miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana ambayo imo pia ndani ya mwanga wa jua, wakati wa majira ya baridi, mara tatu kwa wiki, na ngozi yake ikatakata hata nikamwonea wivu. Baadaye alinunua taa yake ya nyumbani, na Aprili alipokuja kumzika baba mdogo akaniachia. Ni kisanduku chenye mirija minne ya wati 20 kila mmoja, nyuma kimeandikwa nanometa 311, yaani kipimo cha wimbi la miale yake, na kina miwani moja ya kukinga macho. Plagi yake iliingia kwenye soketi yetu bila adapta. Aliniambia, "Kipupwe chenu ndiyo baridi yetu, anza Juni," akaniandikia sekunde za kila siku kama alivyokuwa akifanya yeye.

Mume wangu alipoiona alikataa kabisa. Mama yake alifariki kwa saratani miaka minne iliyopita, na ni yeye aliyekuwa akimpeleka Nairobi kuchomwa kwa miale. Alisema, "Umeletewa saratani ndani ya sanduku," kisha akaongeza kwamba hata tokeni za stima hatutaziweza. Nilimwahidi kwamba sitaitumia.

Nimeitumia mara nne. Ninamlaza mtoto, ninajipaka mafuta ya salisiliki ya kulainisha magamba kwenye magoti na viwiko, ninaiweka taa juu ya kiti na kukaa mbele yake kwa sekunde nilizoandikiwa. Usiku wa nne stima ilipotea nikiwa nimepita nusu. Iliporudi baada ya dakika kumi hivi nikaanza upya, na kwa kuwa sikuwa nimeona badiliko lolote, nikaongeza kidogo. Saa tisa usiku niliamka mapaja yakiwaka kama niliyepakwa pilipili. Sasa yanabambuka. Usiku huo huo, kabla sijazima, mtoto alifungua mlango akiuliza kwa nini chumba kina rangi ya samawati.

Mume wangu anarudi wiki ijayo. Je, nimwambie, au niache taa kabisa na kumeza vidonge, mtoto wa pili asubiri? Au niendelee polepole hadi kipupwe kiishe, ngozi ikipona aone mwenyewe kwamba haikuwa na madhara? Nisaidie, Shangazi.

Msusi wa sweta, Nakuru

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeishia kwenye yale mapaja, kwa hivyo niruhusu nianze hapo kabla ya mume, mtoto na vidonge. Mimi ni mshauri, si daktari. Ninayoyasema kuhusu tiba hayachukui nafasi ya mtu atakayeitazama ngozi yako kwa macho yake.

Ngozi iliyoungua haiongezwi miale. Hata hospitalini muuguzi akisikia kwamba mgonjwa anahisi moto mahali alipomulikwa, humrudisha nyumbani bila matibabu siku hiyo, na anaporejea hupunguza kipimo. Katika ngozi nyeusi kuungua kwa urujuanimno hakuonekani upesi kwa macho. Hujitangaza kwa joto, maumivu na ngozi kukazika, na huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana ulilala salama ukaamka saa tisa. Zaidi ya hayo, soriasisi ina tabia ya kuota mahali palipojeruhiwa, iwe ni mkwaruzo, kovu au kuungua, kwa hivyo usishangae baka jipya likijitokeza kwenye mapaja ambayo hayakuwa na kitu. Yakitoa malengelenge au maumivu yakizidi, usisubiri mume arudi, nenda kituo cha afya. Na mpaka yatakapopona kabisa, hilo la taa halina mjadala.

Sasa tazama kilichotokea usiku ule. Ulihesabu upya kana kwamba zile sekunde za mwanzo zilipotea pamoja na stima, kumbe ngozi ilikuwa imekwisha kuzipokea. Na yale mafuta ya salisiliki, mwanangu, ni kizuizi cha miale hiyo hiyo uliyokuwa ukiitafuta. Ulikinga magoti na viwiko vyenye mabaka, ukaacha mapaja mazima wazi, na matokeo yake walioumwa hawakupata dawa na wasioumwa wakaungua. Ndiyo sababu hukuona badiliko, ukaongeza. Salisiliki ina kazi yake ya kung'oa magamba, lakini hupakwa wakati mwingine na kuoshwa kabla ya kumulikwa. Hata bila kosa hilo, usiku nne zisingekuonyesha chochote. Tiba hii huenda polepole, mara mbili au tatu kwa wiki, na wengi huhitaji vikao 20 hadi 30 au zaidi ndipo ngozi itakate.

Dada yako alikupa alichokuwa nacho, na kilitoka moyoni. Hata hivyo, zile sekunde zake zilianza na wauguzi waliopima ngozi yake ili kujua inastahimili kiasi gani, kisha zikapandishwa hatua kwa hatua kulingana na jinsi alivyoitikia. Ngozi za ndugu wa tumbo moja hazilazimiki kufanana. Pia mirija ya taa huchoka kwa matumizi, kwa hivyo dakika moja ya mirija ya zamani si dakika moja ya mirija mipya, na kiti kikisogezwa karibu kipimo hupanda. Karatasi aliyokuandikia ni kumbukumbu ya ngozi yake yeye, pamoja na taa ilivyokuwa wakati huo.

Lakini sikusudii kuichafulia taa hiyo jina. Urujuanimno wa nanometa 311 ndio ule ambao madaktari wa ngozi wanautumia kwa soriasisi duniani kote. Hupunguza mbio za chembe za ngozi, ambazo kwako huzaliwa na kupanda juu kwa siku chache badala ya takriban mwezi mmoja, na hutuliza askari wa mwili wanaoishambulia ngozi bila sababu. Hauuponyi ugonjwa moja kwa moja, ila huupa likizo ambayo kwa wengine huwa ya miezi. Mwanga kutumiwa kama dawa si jambo la jana: Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Nikuonye jambo moja kwa kuwa unafanya kazi saluni na lazima mtu atakushauri: ile taa ya kukaushia rangi ya kucha haifanyi kazi hii, na zile za kuulia vijidudu ni hatari kwa ngozi na macho.

Kuna dhana moja katika barua yako ambayo ningependa tuichungulie pamoja, nayo ni ile ya dada yako kwamba kipupwe chetu ni sawa na baridi ya kwao. Aberdeen iko kwenye nyuzi 57 kaskazini mwa Ikweta. Mwishoni mwa Desemba jua la saa sita mchana huko halipandi hata nyuzi 10 juu ya upeo wa macho, urefu wa mchana wote hauzidi muda wa saa saba, na miale ya urujuanimno inayotibu soriasisi karibu haifiki ardhini. Yeye alihitaji taa kwa sababu jua lilikuwa limemkimbia. Nakuru iko karibu kabisa na Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,800, na hata Juni jua letu la saa sita husimama kama nyuzi 66 juu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu waanze kujikinga pale kielezo cha urujuanimno, namba inayoonyesha ukali wa miale hiyo juani, kinapofika 3. Hapa kwetu, mchana wa kipupwe mawingu yakifunguka, kinavuka 8 bila shida. Mawingu ya asubuhi hupunguza, hilo kweli, lakini mwanga haujaondoka mjini.

Basi naomba nikuulize: kule Bungoma mwezi wa Januari, unalima ukiwa umevaa sweta?

Sidhani. Nadhani kule kwa mama yako unapandisha mikono, unafunga leso, jua linakupiga miundi na viwiko kwa wiki tatu, na hakuna mteja wa kuinuka kitini. Kisha unarudi Nakuru, sweta inarudi, na baada ya miezi michache nafuu inakwisha, wakati huo huo baridi inaingia na mambo yake: maji ya moto sana ya kuogea, sufu inayosugua viwiko, mafua na koo linalowasha, ambalo kwa wagonjwa wa soriasisi linaweza kuamsha mabaka. Sijui kama nimepatia. Wewe ndiye unayeijua Januari yako. Nikiwa nimepatia, huenda sehemu ya dawa unayoitafuta ndani ya kisanduku imezuiwa na sweta.

Usinisikie vibaya ukadhani ninakutuma ukakae juani. Jua halina kipimo wala muuguzi, linachanganya miale inayotibu na mingine isiyo na faida kwako, na linaweza kukuunguza kama taa ilivyokuunguza. Wako wanaoshauriwa na daktari kuota jua kwa dakika chache zinazohesabiwa, wakianza na kidogo sana na kufunika sehemu zisizo na mabaka, lakini hilo hupangwa. Halafu kuna suala ambalo vijitabu vya hospitali haviligusi: mama anayeishi kwenye ploti ya kupanga avue sketi wapi saa sita mchana? Juu ya paa la kuanikia nguo, majirani wote wakiwa madirishani? Natania kidogo, lakini ninajua kwamba faragha ni sehemu ya tiba, na taa ya chumbani inakupa faragha ambayo jua haliwezi kukupa. Hiyo ni hoja ya kweli kwa upande wa taa, na ningekushauri umwambie daktari hivyo hivyo.

Tuje kwa mume wako. Umemweleza kama mtu aliyekataa kwa ukali, nami katika maneno yake nimemsikia kijana aliyemsindikiza mama yake Nairobi mara nyingi na kurudi bila yeye. Neno lililomuumiza ni "miale". Miale aliyochomwa mama mkwe wako ilikuwa ya kupenya hadi ndani ya mwili na kuua uvimbe; hii ya taa yako huishia kwenye tabaka za juu za ngozi. Kwa Kiswahili zote tunaziita miale, na yeye aliposikia uliletewa miale nyumbani aliiona tena ile foleni ya hospitali. Sidhani kwamba alikuwa akikunyima nafuu.

Wala hofu yake si ya kijinga. Urujuanimno husababisha saratani ya ngozi; mwaka 2009 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliziweka taa za kujitia rangi ya kahawia kwenye ngozi katika kundi la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Tiba ya zamani iliyochanganya vidonge vya kuamsha ngozi na miale ya aina nyingine ilithibitika kuongeza saratani ya ngozi kwa walioitumia muda mrefu. Kwa aina hii yako ya nanometa 311, waliofuatiliwa hadi sasa hawajaonyesha ongezeko la wazi, na ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ingawa si kamili. Hata hivyo madaktari huandika kila kikao na kuchunguza ngozi kila baada ya muda, kwa sababu dozi za maisha yote hujumlishwa. Tofauti kati ya tiba na hatari iko kwenye hesabu hiyo, na kwa sasa hesabu yako imo kichwani mwako peke yako, usiku, stima ikipotea na kurudi.

Habari ya tokeni ni nyepesi zaidi. Mirija minne ya wati 20 ni wati 80. Ukiiwasha dakika 12 kila kikao, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12, utakuwa umetumia nusu uniti na kidogo. Pasi ya nguo inaishinda taa hiyo mbali. Mfanyie hesabu hiyo kwenye karatasi, madereva wanaheshimu hesabu za matumizi.

Umependekeza uendelee kwa siri ili aje aone ngozi imepona. Ninaelewa mvuto wake, maana ngozi iliyotakata ingekutetea bila wewe kusema neno. Lakini fikiria upande wa pili: ngozi inayomulikwa huwa nyeusi zaidi, mapaja yako tayari yanabambuka, na mtoto wa miaka mitano aliyeuliza kuhusu chumba cha samawati atamwuliza na baba yake. Atakapojua, na dalili zote zinaonyesha kwamba atajua, kitakachomuuma hakitakuwa taa. Kumwambia nako kuna hatari zake, sitakudanganya. Anaweza kukasirika, anaweza kusema uitupe, anaweza kunyamaza siku zote alizo nyumbani, na wewe unamjua kuliko mimi. Ukiamua kusema, usiseme kwa simu akiwa anateremka Salgaa na shehena nyuma yake. Mpe siku ya kulala kwanza. Kisha pengine uanze na lile usilowahi kumwambia, yaani yule mteja aliyeondoka na nusu ya rasta, kwa sababu ninashuku kwamba mume wako anaijua sweta na haijui sababu yake.

Kuhusu mtoto mwenyewe, hapa sitazunguka. Miale hii huumiza macho. Anayeitazama bila miwani anaweza kuhisi saa kadhaa baadaye kana kwamba ana mchanga machoni. Miwani unayo moja, na ni yako. Ikiwa taa itawashwa tena nyumbani kwako, kwa ruhusa ya yeyote yule, mlango uwe umefungwa kwa ufunguo.

Sasa karatasi iliyo ndani ya Biblia. Daktari aliandika methotreksati kwa ajili ya mwanamke asiye na mpango wa kushika mimba, na mwanamke huyo si wewe. Dawa hii imewasaidia wagonjwa wengi wa soriasisi, huo ni ukweli, lakini inaweza kuharibu mimba au kumlemaza mtoto tumboni, na mwanamke anayeitumia huiacha miezi kadhaa kabla ya kutafuta mtoto, kwa maelekezo ya daktari. Huhitaji vipimo vya damu na vya ini kabla na wakati wa kuitumia, pombe huepukwa, na kwa soriasisi humezwa siku moja tu kwa wiki. Waliokosea wakaimeza kila siku wamedhurika vibaya, wengine wamekufa. Kwa hiyo ukiamua usiku mmoja, kwa kukata tamaa, kuitoa karatasi hiyo ndani ya Biblia na kwenda dukani, utakuwa umechukua dawa iliyoandikiwa mtu mwingine.

Kurudi kwa daktari kusema "nilikosea jibu langu" kunatia haya, lakini madaktari huyasikia maneno hayo kila wiki. Una haki ya kuomba mwanafunzi atoke nje, na pia una haki ya kubaki na nguo mnapozungumza na kuvua baadaye. Mwambie kuhusu mtoto wa pili, kuhusu taa na kuungua, kuhusu zile tyubu za miaka mingi, na umtajie kila dawa unayomeza, kwa sababu dawa za kawaida kama doksisaiklini, septrini na baadhi ya zile za shinikizo la damu huweza kuifanya ngozi iungue upesi kwa miale. Umwambie pia kama una maumivu ya viungo, hasa vidole vikikakamaa asubuhi, maana soriasisi huingia kwenye viungo vya baadhi ya watu na mkono wa msusi ndio riziki yake.

Akishayajua hayo, mazungumzo yatabadilika. Anaweza kusema kwamba kwa mwanamke anayetafuta mtoto tiba ya urujuanimno ni miongoni mwa zinazopendelewa, kwa kuwa haipiti kwenye damu kama vidonge, ila atataka utumie asidi ya foliki, ambayo wanaotafuta mtoto huhitaji hata hivyo. Anaweza kukuelekeza kwenye hospitali yenye mashine, na hapo utakabiliana na nauli na kazi utakayoikosa mara tatu kila wiki kwa miezi miwili au mitatu, jambo ambalo kwa msusi anayelipwa kwa kichwa si dogo. Anaweza kukubali uitumie taa ya dada yako baada ya kuikagua na kukupangia vipimo vya ngozi yako, au akaikataa akatoa sababu. Anaweza kukupa dawa za kupaka za aina nyingine na mkavuka kipupwe hiki hivyo hivyo, si vizuri sana wala si vibaya sana. Au wewe na mume wako mkaamua kwamba ngozi itangulie, mtoto asubiri mwaka. Kila njia ina bei yake na ninyi wawili ndio mtakaoilipa, kwa hiyo sitaki kuwachagulia kutoka huku nilipo.

Kuna hofu hukuiandika, nami nitaigusa kidogo kwa kuwa dada yako naye anaumwa: kwamba mtoto atarithi. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, lakini watoto wengi wa mzazi mmoja mwenye soriasisi hawaupati. Wanawake wengi pia hupata nafuu wakiwa wajawazito, na mabaka hurudi baada ya kujifungua. Ni vyema ujue mapema ili yasikukute peke yako na mtoto mchanga mkononi.

Siku ya kliniki beba karatasi ya dawa, piga picha maandishi yaliyo nyuma ya kisanduku, na uandike zile siku nne na sekunde zake kadiri unavyokumbuka, pamoja na usiku wa stima. Kama siku hiyo itaangukia wiki ambayo mume wako yuko Nakuru, jaribu kumwomba akusindikize. Amekwisha kukaa kwenye benchi za hospitali kwa ajili ya mama yake, na ana maswali ambayo pengine hajawahi kupata mtu wa kumwuliza.

Msalimie mwanao, na unijulishe baba yake alisema nini.

Shangazi